Sura ya Tisa: Muhuri Chini ya Theluji

Kosa langu la kwanza lilikuwa nyayo. Nilitoka kwenye njia ya msituni, nikahesabu hatua arobaini hadi kwenye mwamba uliopasuka katikati, nikapiga magoti, nikapenyeza mkono katika ufa na kutoa kisanduku cha plastiki kisichozidi ukubwa wa kopo la maziwa ya unga. Nikafanya kila nilichofundishwa: nikakifungua, nikagonga muhuri, nikaandika tarehe, nikakifunga, nikakirudisha mahali pake na kuuziba ufa kwa jiwe na magome. Nikasimama nimejaa fahari ya mtu aliyeficha kitu kikafichika. Kisha nikageuka. Juu ya theluji iliyoanguka usiku ule, nyeupe pepepe, palikuwa na msururu mmoja wa mashimo ya viatu vyangu kutoka njiani hadi mwambani, umenyooka kama reli ya Tanga kwenda Korogwe. Kipofu angeweza kuufuata kwa kupapasa.

Jirani yangu aliyenipeleka, mama mmoja mwalimu mstaafu, hakunisuta. Aliupita mwamba wangu kimya, akauzunguka mti mmoja, akauzunguka wa pili, chini ya wa tatu akakanyagakanyaga kama anayeshindilia sakafu ya udongo, kisha akarudi njiani kwa upande mwingine kabisa.

"Sasa waje wachague," akasema.

Ilikuwa Januari, katika msitu mmoja wa serikali ya jimbo la Connecticut, Marekani. Nilikuwa nimevaa soksi mbilimbili, na glavu ambazo ilinibidi nizivue kila nilipotaka kushika muhuri. Sikujua bado kwamba mchezo ule una zaidi ya karne moja na nusu, wala kwamba majira ya baridi, ambayo mimi niliyahesabu kuwa adui yake, ndiyo yanayourudisha kwao. Na kwao ni posta.

Mchezo wenyewe haumchukui mtu dakika mbili kuueleza. Mtu huchonga muhuri kwa mkono wake, huuweka pamoja na kidaftari ndani ya kisanduku kisichoingiza maji, hukificha mahali ambapo mpita njia hatakiona, kisha hutoa maelezo ya kukifikia: pengine kwa vipimo vya dira na hesabu ya hatua, pengine kwa kitendawili, pengine kwa kisa kizima ambacho ndani yake zimefichwa kona za njia. Anayesaka huja na muhuri wake mwenyewe, daftari lake na pedi ya wino. Akifanikiwa, hugonga muhuri wa kisandukuni katika daftari lake, na wa kwake katika kidaftari cha kisandukuni. Huandika tarehe na jina lake la msituni, maana wengi huko hawatumii majina waliyopewa na wazazi. Halafu hurudisha vyote vilivyokuwa. Hakuna mshindi wala zawadi, na hakuna anayeondoka na kitu isipokuwa alama ya wino.

Waingereza, ambao ndio walioanzisha, huuita mchezo huu kwa jina la sanduku la barua, na hapo msomaji wa Kiswahili anaweza kupotea kama nilivyopotea mimi. Kwetu sanduku la barua ni S.L.P.: kijumba cha chuma chenye namba, ukutani mwa posta, ambacho mwenye ufunguo hupita kukifungua akitoka kazini, akakuta bili. Sanduku la hao Waingereza ni kinyume chake. Ni mahali mtu anapoiacha barua, na tarishi ni yeyote atakayefika baada yake.

Asili yake ni Dartmoor, katika Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Hizo ni nyanda zilizo wazi, zenye nyasi ngumu, vinamasi vya mboji na vichuguu vikubwa vya mawe ya graniti vinavyosimama juu ya vilima kama magofu. Wenyeji huviita tor. Kilele kirefu kuliko vyote, High Willhays, kina mita 621 tu, kimo ambacho mtu wa Lushoto angekicheka. Asicheke haraka. Ukungu wa Dartmoor hushuka bila hodi, na ardhi inayoonekana kama zulia la kijani inaweza kuwa matope yanayomeza mguu hadi pajani. Arthur Conan Doyle alipotaka mahali pa kumtisha msomaji wa hadithi yake ya mbwa wa Baskerville, alipachagua hapo.

Sehemu ya kaskazini ya nyanda hizo pana mahali paitwapo Cranmere Pool. Jina linasema bwawa, lakini ukifika hukuti bwawa. Unakuta kibonde cha mboji kilichokaukiwa. Wenyeji wana hadithi ya jambo hilo. Wanasema roho ya Benjie Gayer, aliyewahi kuwa meya wa mji wa Okehampton, ilihukumiwa kulikausha bwawa lile kwa kuchota maji kwa chekeche. Ikachota na kuchota, maji yakivuja, hadi siku ilipookota ngozi ya kondoo, ikaitandika ndani ya chekeche, na maji yakakubali kuchoteka hata mji ulioko bondeni ukafurika. Sungura wetu asingefanya zaidi ya hapo.

Katika karne ya 19 kufika Cranmere lilikuwa jambo la mtu kujisifia. Wageni kutoka mijini walimkodi mwongozaji, na mwongozaji aliyevuma alikuwa James Perrott wa kijiji cha Chagford. Mwaka 1854 Perrott aliacha chupa pale Cranmere, ili mgeni aliyefika atie ndani kadi yenye jina lake. Enzi hizo watu wenye nafasi walitembea na kadi za namna hiyo mfukoni: ukienda kumwamkia mtu usimkute, unamwachia kadi mlangoni ajue ulipita. Perrott aliwapa watu wale nafasi ya kukiamkia kinamasi na kukikuta hakipo nyumbani. Sijui jinsi ya kumwita mtu huyu isipokuwa mcheshi.

Baadaye kadi ya jina ikawa postikadi. Mtu aliandika anwani yake mwenyewe, akabandika stempu, akaiacha kisandukuni. Aliyefika baada yake aliichukua na kuitia posta huko alikorudi. Fikiria kilichokuwa ndani ya desturi hiyo. Unajiandikia barua mwenyewe, unaikabidhi kwa mtu usiyemjua, ambaye pengine bado hajapanga hata safari, kisha unarudi nyumbani kungoja. Kadi ikirudi baada ya siku tatu, unajua kule juu kuna watu. Ikikawia hadi masika, unajua kwamba miezi yote ile ilikaa gizani ndani ya kisanduku, upepo ukivuma juu yake, na wewe ndiye uliyekuwa mgeni wa mwisho.

Sanduku la pili liliwekwa Belstone Tor mwaka 1894. Mwaka 1905 Cranmere ikapata kitabu cha wageni. Mihuri ya mpira ikafuata, ili aliyefika awe na ushahidi wa kwenda nao. Mwaka 1938 sanduku jingine likawekwa Ducks' Pool, upande wa kusini, kwa kumbukumbu ya William Crossing, ambaye kitabu chake cha mwaka 1909 cha kumwongoza msafiri wa Dartmoor bado kinaheshimiwa. Mambo yalikwenda kwa mwendo huo wa kinyonga; hadi miaka ya 1970 masanduku yalikuwa bado ya kuhesabika. Kisha ramani na orodha zikaanza kuchapishwa, na nyanda zikajaa. Leo ni maelfu. Anayekusanya mihuri 100 huweza kujiunga na klabu inayoitwa kwa idadi hiyohiyo, akashona beji yake kwenye begi. Kuna hata watu ambao wao wenyewe ni masanduku: hutembea na muhuri mfukoni na hawautoi mpaka uwaulize. Ndiyo sababu huko, katikati ya ukungu, mtu mzima mwenye akili zake huweza kumsimamisha asiyemjua na kumwuliza, "Samahani, wewe ni sanduku?"

Wana miiko. Huchimbi, huvunji jiwe, hutumii saruji. Huweki kisanduku katika ukuta wala katika mistari ya mawe na makaburi ya watu wa kale, ambayo Dartmoor imejaa. Na unasoma ratiba kabla ya kutoka, kwa kuwa sehemu kubwa ya kaskazini, Cranmere yenyewe ikiwamo, ni uwanja wa jeshi wa kulengea shabaha kwa risasi za kweli. Siku za mazoezi bendera nyekundu hupandishwa na raia hukaa mbali.

Mara mbili kwa mwaka wasakaji wa Dartmoor hukutana, Jumapili zile ambazo Waingereza hubadilisha saa zao, Machi na Oktoba. Mkutano wa Oktoba ndio unaofungua baridi, na wapo wanaokwambia kwamba hapo ndipo msimu wa kweli unapoanza. Makangaga, ambayo kiangazi hufika kifuani mwa mtu na kuyafunika mawe yote, hunyauka na kulala. Mapango madogo yaliyojificha tangu Mei yanabaki wazi. Watalii wamekwenda zao. Bei yake ni mwanga: Desemba jua huchomoza saa mbili na ushei asubuhi, na saa kumi na robo limeshazama, kwa hiyo anayetafuta sanduku la tano kwa kutoridhika na manne hujikuta akirudi kwa tochi.

Ng'ambo ya Atlantiki mchezo ulivuka ukiwa umechelewa, kisha ukawahi. Katika bonde lililo mpakani mwa Vermont na New Hampshire, mwaka 1995, ulianzishwa mpango ulioitwa Valley Quest, ulioiga Dartmoor: watoto wa shule na wazee wa vijiji walitunga mashairi yenye dokezo za kumwongoza mtu hadi kwenye kisanduku chenye muhuri. Lakini kilichowasha moto ni makala ya Chris Granstrom katika jarida la Smithsonian, Aprili 1998, kuhusu Waingereza wanaotambaa chini ya mawe kwa ajili ya alama ya wino. Wamarekani waliosoma wakachukua visu. Kule Dartmoor mihuri mingi ilitengenezwa dukani. Wao waliamua kwamba muhuri uchongwe kwa mkono, na nadhani huu ndio mchango wao mkubwa. Mchezo wa kutembea ukawa pia mchezo wa nakshi.

Miaka miwili baadaye ulizaliwa mdogo wake. Mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS wanayopokea raia, na siku chache hazikupita mtu mmoja akaficha ndoo yenye vikorokoro katika jimbo la Oregon na kutangaza vipimo vyake vya setilaiti. Mchezo huo, geocaching, umemzidi kaka yake umaarufu mara nyingi. Sina ugomvi nao. Ila simu inayokwambia "umebakiza mita nane" imekunyang'anya kitu ambacho kitendawili kisingekunyang'anya, nacho ni ile nusu saa ya kusimama ukiutazama msitu kama mtu anayesoma barua ya mkono mbaya.

Connecticut wamekwenda hatua yao wenyewe. Idara ya serikali inayosimamia misitu imeweka visanduku katika misitu ya jimbo, na mtu akishatembelea vitano huweza kupewa fimbo ya kutembelea iliyotengenezwa kwa mti wa misitu hiyohiyo. Jirani yangu anayo. Huiegemeza mlangoni, na mgeni akiuliza bei yake hujibu kwamba ni misitu mitano.

Sasa baridi. Nitasema ukweli: asilimia kubwa ya uzuri wake niliugundua nikiwa ndani, karibu na jiko. Nje, kila kifaa cha mchezo huu kinagoma. Wino wa kalamu ya kawaida unakuwa mzito na kalamu inakwaruza karatasi bila kuandika. Ndiyo maana wazoefu hubeba penseli. Pedi ya wino inakuwa ngumu kama jibini, kwa hiyo husafirishwa ndani ya koti, ubavuni, ikipashwa na joto la mwili. Maji yaliyopenya kwenye ukingo wa kifuniko yanaganda, na ukilazimisha plastiki hupasuka. Kisanduku kilichogandishwa ardhini huachwa, hata kama umetembea saa tatu kukifuata. Dokezo linalosema "tazama chini ya kisiki cha tatu" halina maana pale ambapo visiki vyote vimegeuka matuta meupe yanayofanana kama mayai. Hatua arobaini za Julai si hatua arobaini za Januari, mguu ukizama hadi gotini. Pumzi yenyewe ni hatari: ukiinamia kidaftari huku ukihema, unakitia unyevu ambao utaganda baada ya wewe kuondoka, na aliye nyuma yako atakuta kurasa zimeshikana. Mpango kama ule wa Vermont umeamua kutoshindana na hali hiyo; masanduku yake mengi hukusanywa Novemba na kurudishwa Mei.

Zipo fadhila. Kupe wamepungua. Miti imepukutisha majani na mwamba unaotafutwa unaonekana kutoka mbali. Theluji nayo ni msomaji mzuri kuliko sisi: inakwambia nani alipita kabla yako, kama ni mtu, kulungu au mbweha, na kama mtu huyo alipata alichokifuata au alizunguka akakata tamaa. Ni hiyo sifa yake ya kuandika kila kitu iliyonitoa jasho siku ya kwanza.

Lakini kuanzia katikati ya Desemba wengi huvua viatu. Meza ya jikoni husafishwa, taa ya kusomea ikasogezwa, na visu vikatolewa.

Nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu wetu wa sanaa alitukatia viazi nusu kwa nusu, tukachonga nyota na mwezi, tukachovya katika rangi na kugonga kwenye karatasi za daftari. Kiazi kilidumu mchana mmoja kikaanza kunuka. Sikujua kwamba nilikuwa nimeshafundishwa nusu ya kazi. Badala ya kiazi, wasakaji hutumia kipande cha mpira laini wa kuchongea, mara nyingi wa waridi, au raba ya kufutia ya kawaida kwa anayeanza. Mchoro huchorwa kwa penseli juu ya karatasi nyepesi, hulazwa kifudifudi juu ya mpira, kisha husuguliwa mgongoni kwa kucha au kijiko mpaka risasi ya penseli ihamie. Kuna njia ya mkato ya wavivu, nami ni mmoja wao: nakala ya mashine, pamoja na pamba iliyoloweshwa kidogo dawa ya kuondoa rangi ya kucha.

Kisha kisu. Ni patasi ndogo yenye mdomo wa umbo la V, na siri yake ni kwamba haizungushwi. Unaushika mkono wa kisu utulie, unazungusha mpira. Unaondoa kinachotakiwa kubaki cheupe, unaacha kinachotakiwa kula wino. Kosa linalowaua wanaoanza ni kukata kwa kuingia chini ya mstari, kama bahari inavyokula chini ya mwamba wa matumbawe. Mstari unasimama hewani, na siku moja ukigonga kwa nguvu unalala. Ukingo wa kila mstari uteremke kwa kupanuka, kama msingi wa ukuta. Mafundi wa milango ya Zanzibar wangelielewa hilo bila kuambiwa, ingawa wao hukata mti wenye nyuzi zinazopigana na patasi, na mpira hauna nyuzi. Unakubali upande wowote, na huo ndio mtego wake, maana unakubali pia kuteleza kwako.

Muhuri hauchovywi katika wino. Pedi ndiyo inayogeuzwa na kugongwagongwa juu ya muhuri, ili mabonde yabaki makavu. Halafu karatasi, halafu kubana sawasawa bila kutikisa.

Jina langu la msituni nilichagua Dagaa, kwa sababu lilikuwa fupi na kwa sababu nilikuwa nimewatamani wiki nzima. Nilichonga samaki mmoja mwembamba mwenye jicho kubwa kuliko tumbo lake, na chini yake herufi tano. Ilinichukua jioni mbili. Nilipougonga kwa mara ya kwanza karatasi ilisoma AAGAD, na hiyo D imegeuza kitambi chake nyuma. Muhuri ni kioo. Anayesahau hilo hulipa jioni mbili. Jirani yangu alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akanionyesha sanduku la viatu lililojaa mihuri yake iliyoharibika, mojawapo ikiwa bundi mwenye mguu mmoja.

Baridi ina haki yake katika habari hii ya mpira pia. Utomvu wa mpira wa asili huwa mgumu na kukatika wakati wa baridi, na hulainika na kunata wakati wa joto, na kwa hiyo bidhaa za kwanza za mpira huko Marekani zilioza madukani. Charles Goodyear, huko Woburn, Massachusetts, ndiye aliyegundua katika majira ya baridi ya mwaka 1839 kwamba ukiuchanganya na salfa ukaupasha moto unatulia. Hataza yake ilitoka mwaka 1844, miaka kumi kabla ya chupa ya Perrott. Bila ugunduzi huo kusingekuwa na muhuri wa mpira wa kupelekwa juu ya kilima cha Uingereza. Kusingekuwa pia na kiu ile ya mpira iliyowamaliza watu wa Kongo chini ya Leopold II, na mimi nikikishika kile kipande cha waridi, ambacho siku hizi ni cha kiwandani, huwa nakumbuka yote mawili.

Muhuri ukishachongwa Januari, uende wapi, njia zikiwa zimefungwa? Hapo ndipo posta inaporudi. Wasakaji hujipanga duara. Tuseme ni watu kumi. Wanakubaliana mada: ndege, madaraja, vyakula vya bibi. Kila mmoja anachonga muhuri wake, anashona kidaftari chake, anavitia pamoja na orodha ya majina ndani ya bahasha yenye pamba au mapovu ya hewa, anamtumia anayemfuata katika orodha. Siku chache baadaye naye anapokea kutoka kwa aliye nyuma yake, anagonga katika daftari lake, anagonga wake katika kile kidaftari, anatuma mbele. Visanduku kumi vinazunguka kwa wakati mmoja, kila kimoja kikifuata kingine kama ndoo za kinu cha maji, na mwisho kila kimoja kinarudi kwa aliyekizaa kikiwa na alama tisa za wageni. Hakuna aliyetembea, na bado kisanduku kimesafiri majimbo tisa. Atakayekaa nacho wiki tatu mezani husemwa, kwa upole wa kikwao, na hakaribishwi tena duara lijalo.

Wapo wasakaji wa msituni wanaoona mchezo huu wa posta kuwa ni udanganyifu: umepata nini ikiwa hukuchafua viatu? Nimewasikiliza, sikukubaliana nao. Chupa ya Cranmere haikuwa mchezo wa mihuri. Mihuri ilikuja nusu karne baadaye. Mwanzoni kulikuwa na jina juu ya kadi, na kumtegemea mtu usiyemwona aipeleke. Duara la Januari limeacha kilima na kubaki na hilo.

Niliporudi Tanga nilidhani nimeachana na mambo hayo. Kwetu hakuna theluji ya kumfungia mtu ndani, na muhuri ni kitu kingine kabisa. Ni mamlaka. Barua ya mwenyekiti wa mtaa isiyo na muhuri ni karatasi ya kufungia karanga. Mtu huweza kukaa kwenye benchi saa nne akimngoja si mkubwa, bali muhuri wa mkubwa, uliofungiwa katika droo. Nani angenielewa nikisema nina wa kwangu, nilioukata jikoni, na hauna kazi?

Kisha Desemba, katika S.L.P. yangu, kati ya bili ya maji na bili nyingine ya maji, nilikuta karatasi ya njano ya kunijulisha kwamba nina kifurushi. Kilikuwa cha jirani yangu. Ndani mlikuwa na kidaftari kilichoshonwa kwa uzi mwekundu, orodha ya majina sita ambayo la tatu lilikuwa Dagaa, na muhuri wa mwamba uliopasuka katikati, uliozungukwa na miti mitatu, na kuzunguka kila mti vidoti vidogo vya nyayo. Mada ya duara: makosa ya kwanza.

Nilichonga tena, safari hii AAGAD makusudi. Asubuhi ya Jumatatu nikapeleka kifurushi kwenda kwa wa nne, aliyeko Marekani. Karani, dada wa makamo mwenye miwani iliyoning'inizwa kwa kamba, akakipima, akanipa fomu ya forodha.

"Humu mna nini, kaka?"

"Muhuri."

Akaacha kuandika. "Muhuri wa ofisi gani?"

Nilijaribu kueleza. Watu nyuma yangu wakaanza kukohoa. Mwishowe nikafungua bahasha, nikatoa pedi, nikageuza karatasi ya njano upande usioandikwa, nikagonga. Samaki akatokea, jicho limemtoka. Dada akavaa miwani, akamtazama kwa muda. Kisha akavuta karatasi ile upande wake wa kaunta, akachukua muhuri wa chuma wa posta wenye tarehe ya siku ile, akaugonga kando ya samaki, sawasawa, bila kutikisa, akanirudishia.

"Haya," akasema, "anayefuata."